Siri Zetu Zaanikwa, Kazi Zetu Zafungiwa

Mimi si mwanasheria, wala sikupata kukaa darasa la chuo kikuu. Nilimaliza kidato cha nne, nikazunguka Mombasa miaka miwili na bahasha ya vyeti kwapani, mwishowe nikapata kibarua katika masjala ya chuo kimoja ambacho sitakitaja. Mchana napanga mafaili. Usiku naandika riwaya. Sasa nimegundua kwamba wanaonilipa kwa kazi ya mchana wanaitaka na ile ya usiku, ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Tuanze na mafaili. Wewe msomaji uliye chuoni, hujui mambo yako yalivyo mengi mle ndani. Faili si alama za mtihani tu. Mna namba ya kitambulisho, kazi ya mzazi, deni la karo, cheti cha daktari, barua ya kuomba ruhusa ukazike, barua ya onyo na maelezo uliyoandika ukitetemeka mbele ya kamati ya nidhamu. Unaondoka, faili linabaki. Na kabati lenyewe kufuli lake lilikufa kabla sijaajiriwa.

Kila mwisho wa muhula orodha ya wenye madeni hubandikwa langoni: jina, namba ya usajili, kiasi cha deni. Mara mbili niliyeibandika ni mimi. Nimewaona wapita njia, hata mwenye mkokoteni wa maji, wakisimama kusoma. "Kumbe binti wa fulani anadaiwa elfu themanini!" Ati ni kuwatia haya ili walipe. Jamani, mwenye pesa hangojei haya, na asiye nazo haya haimpi hata senti. Humfanya aache kuja darasani, basi.

Wala tusidanganyane kwamba hakuna sheria. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 31, inampa kila mtu haki ya faragha. Ibara ya 35 inampa haki ya kudai habari za uongo zinazomhusu zirekebishwe au zifutwe. Ikaja Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019: anayekusanya habari zako akwambie anazitakia nini, asizitumie kwa jingine, na ukitaka kuziona akuonyeshe. Si maneno ya kupamba karatasi. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila idhini ya wazazi wao. Ikiwa picha ya mtoto anayecheka ni shilingi milioni nne na ushei, deni la mtu mzima lililobandikwa langoni ni kiasi gani?

Wengine husema mzazi ndiye alipaye, basi lazima aonyeshwe kila kitu. Hoja hiyo naiheshimu, maana mamangu naye alinisomesha kwa kuuza mahamri. Lakini mwanafunzi aliyetimiza miaka 18 ni mtu mzima, anapiga kura. Mzazi akitaka matokeo, amwulize mwanawe. Wasipoweza kuzungumza, masjala haitawapatanisha.

Sasa geuza ukurasa. Chuo hichohicho, kisichojua kufunga kabati la siri za watu, kwenye mkataba kinajua kufunga barabara. Mkataba wangu mpya una kifungu kinachosema kwamba kazi yoyote ya ubunifu nitakayoifanya katika kipindi cha ajira ni mali ya chuo. Kipindi cha ajira! Si saa za kazi. Yaani hata saa sita za usiku, kwenye meza ya mamangu, kwa kalamu niliyonunua dukani kwa Mhindi, bado mimi ni mali ya masjala.

Nilikwenda kwa mkuu wa wafanyakazi, nikamwamkia, nikamweleza. Akacheka kwa upole. "Kijana, wewe andika tu. Nani atakayeitaka riwaya yako?"

"Kama hakuna anayeitaka, mzee, mbona imo kwenye mkataba?"

Hakujibu. Niliongeza kwa mkono: "isipokuwa kazi za fasihi zilizoandikwa nje ya saa za kazi." Siku ya tatu nikarudishiwa karatasi iliyopigwa chapa upya, maneno yangu hayamo.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kifungu cha 31, inasema kazi iliyofanywa katika utekelezaji wa ajira huhesabiwa haki yake imehamia kwa mwajiri, ila mkataba ukisema vingine. Hilo nalikubali. Orodha ninazozipanga masjalani na wachukue, hata nikiwapa bure sitalia. Lakini ajira yangu ni kupanga mafaili, si kutunga visa. Sheria imeweka mpaka, mkataba unauruka. Wanaobeba sahihi zetu ni sisi wenyewe, kwa sababu tuna njaa na hatusomi ukurasa wa nne.

Msidhani ni suala la pesa tu. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, Tanga, "Kusadikika" ilipochapishwa mwaka 1951. Wengi wameisoma kama fumbo juu ya utawala uleule uliomlipa mshahara. Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi alipotoa "Petals of Blood" mwaka 1977. Mwisho wa mwaka huohuo akatiwa kizuizini. Hebu fikiri waajiri wao wangekuwa na kifungu kama changu. Wasingehitaji askari. Wangesema tu, "hiki ni chetu," wakakitia kwenye droo. Mwenye kumiliki kitabu ana uwezo wa kukiuza, na ana uwezo wa kukinyamazisha. Na hakimiliki hudumu miaka 50 baada ya mtunzi kufa. Droo hiyo ni ndefu kuliko maisha yangu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi daftari tunalo, ila limo mikononi mwa wenzetu. Siri ya mwanafunzi chuo kimepewa kama amana, kinaitumia kama mali yake. Kazi ya mwajiriwa chuo hakikupewa kabisa, kinaidai. Ugonjwa ni mmoja: kutojua tofauti ya mtunzaji na mwenyewe.

Na sasa nijishtaki, nisije nikaonekana malaika. Mwaka jana nilisoma barua katika faili la msichana mmoja. Ilinikaa kichwani wiki nzima, ikaingia sura ya tatu ya riwaya yangu karibu neno kwa neno. Ilikuwa sura bora kuliko zote. Siku niliporudishiwa ule mkataba ndipo nilipojiona: ninalia nimenyang'anywa changu, na mkononi nimeshika cha mtu. Nikaichana sura yote. Yaliyokuwamo hamtayasikia kwangu. Riwaya imebaki na pengo, nami bado sijui nilizibeje.

Ndiyo maana nawaambia waandishi wenzangu: haki hii haina upande mmoja. Ukidai kazi yako iheshimiwe, heshimu kwanza siri ya aliyekuamini, au aliyelazimika kukuamini. Kwa vyuo nadai matatu tu. Orodha za madeni ziondoke langoni. Kila mwanafunzi aonyeshwe faili lake akiomba. Na mikataba iseme wazi kwamba anachokiandika mfanyakazi kwa saa zake, nje ya kazi aliyoajiriwa kuifanya, ni chake.

Mkataba wangu bado uko mezani, haujatiwa sahihi. Nimepewa hadi Ijumaa. Mama ananiuliza kama tutakula riwaya. Sina jibu la kumpa, ila jana usiku nimeanza upya sura ya tatu.