Jasho la Mchezaji na Ufa Usiozibwa

TAREHE 1 Julai, 2025, vyuo vikuu vya Marekani vilianza kuwalipa moja kwa moja wanafunzi wanaovichezea michezo. Mwezi mmoja kabla yake, Jaji Claudia Wilken wa mahakama ya shirikisho huko California aliidhinisha mapatano yaliyoruhusu kila chuo kinachoyakubali kugawa hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza. Sehemu kubwa ya fedha hizo inakwenda kwenye futiboli, mchezo ambao si kandanda tunayoijua sisi. Mpira wake una umbo la yai, hubebwa mikononi, na viwanja vya baadhi ya vyuo huchukua watu zaidi ya 100,000.

Wapo wanaolia kwamba fedha imeuharibu mchezo huo. Sisi hatukubaliani nao. Fedha ilikuwamo tangu zamani. Kilichobadilika ni mkono unaoipokea.

Chama kinachosimamia michezo ya vyuo nchini humo, NCAA, kiliundwa mwaka 1906. Kwa muda mrefu sheria yake ilikuwa kwamba mchezaji apewe ada ya masomo, chumba, chakula na vitabu, na zaidi ya hapo asipokee kitu. Akaitwa “mwanafunzi-mwanamichezo”. Walter Byers, aliyekiongoza chama hicho tangu 1951 kwa zaidi ya miaka 30, alikuja kueleza katika kitabu chake cha 1995 kwamba jina hilo lilibuniwa kwa hofu ya wachezaji kuhesabiwa wafanyakazi wanaostahili fidia. Hofu hiyo haikuwa ya bure. Mjane wa mchezaji mmoja aliyefariki mwaka 1955 kwa kuumia mchezoni alidai fidia Colorado, na mwaka 1957 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ikamnyima.

Wakati huohuo biashara ilikuwa ikikua. Mwaka 1984 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikinyang’anya chama hicho udhibiti wa matangazo ya televisheni, na vyuo vikapata uhuru wa kujiuzia michezo yao. Leo mashindano ya kumtafuta bingwa wa futiboli ya vyuo peke yake yameuzwa kwa televisheni ya ESPN kwa dola bilioni 7.8 kwa miaka sita. Makocha hulipwa mamilioni kila mwaka. Mvuja jasho alibaki na chakula na kitanda. Kama huo si unyonyaji, basi neno hilo halina maana.

Ufa ulionekana mapema. Mwaka 2009 mchezaji wa zamani wa mpira wa kikapu, Ed O’Bannon, aliwashitaki wahusika kwa kuuza sura yake bila kumlipa. Mwaka 2019 jimbo la California lilipitisha sheria ya kuwaruhusu wachezaji kunufaika na majina na sura zao. Chama kikaendelea kubishana mahakamani hadi tarehe 21 Juni, 2021, majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu walipoamua dhidi yake. Siku kumi baadaye milango ikafunguliwa bila utaratibu wa maana, na matajiri wanaoshabikia vyuo wakaunda vikundi vya kuchanga fedha za kuwavutia wachezaji.

Uhamisho nao ulikwenda vivyo hivyo. Zamani mchezaji wa futiboli aliyehama chuo alilazimika kukaa nje msimu mzima, ilhali kocha wake aliweza kuhama leo na kuanza kazi kesho. Mwaka 2021 wachezaji waliruhusiwa kuhama mara moja bila adhabu. Mwaka 2024, baada ya amri ya mahakama, kikomo hicho nacho kikaondolewa.

Matokeo yake yameonekana. Chuo Kikuu cha Indiana, ambacho timu yake ilihesabiwa miongoni mwa zilizoshindwa mara nyingi zaidi katika historia, kilitwaa ubingwa Januari 2026 kikiongozwa na Fernando Mendoza, aliyehamia hapo kutoka Chuo Kikuu cha California. Mnyonge wa jana amekuwa bingwa. Lakini chuo kidogo kinachomlea kijana kwa miaka miwili sasa humpoteza kwa mwenye mfuko mnene, na mwanafunzi anayehama mara tatu anaweza kufika mwisho bila shahada. Michezo isiyo na watazamaji wengi inahofia kufutwa, na wanariadha wa kike walikata rufaa wakidai kwamba fidia ya miaka iliyopita imewapunja.

Wanaowalaumu vijana kwa kukosa uaminifu wangeanza na wazee wao. Kati ya 2022 na 2023, vyuo kumi kati ya 12 vya umoja wa Pac-12 vilitangaza kuukimbia, vikifuata fedha za televisheni kwingineko.

Kwa maoni yetu kasoro haiko katika malipo wala katika uhamisho. Kasoro ni kwamba mchezaji analipwa bila kutambuliwa kuwa mfanyakazi, na hana chama cha kumsemea. Katika ligi ya kulipwa ya nchi hiyohiyo kuna kikomo cha mishahara na kanuni za uhamisho, na zinadumu kwa sababu wachezaji wenyewe wamezikubali kupitia chama chao. Kanuni wasiyoshirikishwa wanaohusika haitachelewa kurudishwa mahakamani.

Jambo hili halituhusu kwa mbali. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam aliichezea timu ya kikapu ya Chuo Kikuu cha Connecticut hadi 2009 chini ya sheria zile za zamani. Kijana wetu atakayemfuata leo ajue kwamba viza ya mwanafunzi humbana mgeni asifanye kazi za kulipwa, na kwamba mwenzake Mmarekani anaweza kupokea fedha ambazo yeye hawezi kuzigusa kwa urahisi. Wazazi na maofisa wa michezo wausome mkataba kabla kijana hajapanda ndege.

Na kwa kila mwenye dhamana, awe wa michezo au wa jambo jingine, funzo ni moja. Wakuu wa NCAA walikuwa na zaidi ya nusu karne ya kurekebisha sheria waliyojua kuwa haina haki. Hawakufanya hivyo, na leo mahakama na matajiri ndio wanaowaamulia. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nao ukuta huu wanaujenga wakiwa hawana tena mamlaka ya kuchagua mawe.