Kadi Si Bahati

Hapa Bahati, Nakuru, kijana akionekana ameshika karata mchana ashahukumiwa. Mvivu. Mcheza kamari. Na anayemhukumu mara nyingi ana mkeka wa mechi nane kwenye simu, na atakwambia bila aibu kwamba ameusoma vizuri. Mimi naishi mahali panapoitwa Bahati na nasema hivi: kati ya hao wawili, anayesoma kitu ni yule wa karata.

Chukua kadi, ule mchezo ambao wengi wetu huuita poka ingawa hauhusiani na poka ya kasino. Pakiti ina karata 54 ukihesabu jokeri mbili. Kwa sheria za kwetu, 2 inakulisha kadi mbili, 3 inakulisha tatu, jokeri tano. Huwezi kumaliza na hizo, wala na A, J, Q, K au 8. Zinabaki 4, 5, 6, 7, 9 na 10, yaani kadi 24 tu. Kwa hivyo mtu akisema "niko kadi", kadi yake ya mwisho lazima itoke kwa hizo 24, na zilizokwisha kuanguka mezani unazijua kama ulikuwa macho.

Sasa rudi nyuma mzunguko mmoja. Juu kulikuwa na 7 ya maua, akaokota. Hana maua, hana 7. Usichokijua ni ile kadi aliyookota. Ukiwa na A, unaomba maua na unambana. Lakini mjanja anajua unamsoma. Anaweza kuokota makusudi ilhali ana maua, ili uyaombe wewe mwenyewe na umfungulie mlango. Ndiyo maana unamwangalia yeye kuliko unavyoangalia kadi zako.

Si maneno ya kijiweni tu. John von Neumann aliandika hesabu za michezo ya namna hii mwaka 1928, na 1944 yeye na Oskar Morgenstern wakazipeleka kwenye uchumi, poka ikiwemo. Mimi niliacha chuo kikuu bila digrii, lakini hesabu hiyo naiona mezani kila jioni.

Linganisha na ule mchezo wa ndege kwenye simu. Ndege inapaa, namba inapanda, ubonyeze kabla haijapotea. Kuna watu wanaandika namba za raundi zilizopita kwa daftari, eti wanaisoma. Wanasoma nini? Ndege haina kadi mkononi. Haikumbuki ulichofanya, haikuogopi, haijifanyi imeishiwa. Na mwenye mchezo alishapiga hesabu ya faida yake kabla hujafungua simu. Aprili 2025 serikali ilisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30. Kadi zetu hazijawahi kuhitaji tangazo hata moja.

Utaniambia kadi za kuanzia ni bahati. Ni kweli, zile nne za kwanza. Na mkiweka pesa mezani, hiyo ni kamari kama nyingine. Hapo sitetei mtu. Ninachokataa ni kuitwa jina moja na kitu kinachomla mtu akiwa peke yake.

Kwa sababu hasara iko. Mtu anachimba viazi siku nzima, analipwa jioni, na pesa inaingia kwa ndege kabla ya kununua unga. Kesho yake haelewi zaidi ya alivyoelewa jana. Wa kadi anaelewa. Broker akifika shambani anajua viazi vyako vimeshatoka ardhini na haviwezi kungoja, kwa hivyo anataja bei ya matusi na kuwasha pikipiki. Aliyekaa kwenye kadi anajiuliza kwanza: huyu ametoka mbali hivi, atarudi na magunia matupu? Anamwacha aende hatua kumi. Mara nyingi pikipiki inazimwa.

Wazee wangu, mkitukuta na karata, ulizeni nani amebaki na kadi ngapi. Mkimkuta kijana amejitenga na simu na daftari lake la namba, huyo ndiye wa kuketi naye.