Yahuma isihesabiwe tu, isikilizwe pia

Tangu uhuru, Kongo imefanya sensa moja tu ya kisayansi, mwaka 1984. Baada ya hapo, mipango ya shule, vituo vya afya na barabara inategemea makadirio na uchunguzi unaofanywa kwa familia chache zilizochaguliwa. Kwa mkaaji wa Yahuma, mbali na mji wa Kisangani, hili si jambo la wasomi peke yao. Mahali pasipohesabiwa vizuri husahauliwa siku ya kugawa pesa.

Kuna uchunguzi wa namba: watu wengi wanaulizwa maswali yale yale, kisha asilimia zinatolewa. Kuna pia uchunguzi wa maelezo: mchunguzi anakaa na watu wachache na kuwaacha waeleze. Wa kwanza unasema ni wangapi. Wa pili unasema ni kwa nini.

Sisi wa mashariki tuliliona hilo wakati wa Ebola ya mwaka 2018 hadi 2020, iliyoua watu zaidi ya 2,200 Kivu ya Kaskazini, Ituri na Kivu ya Kusini. Kila siku idadi ya wagonjwa na wafu ilitangazwa. Lakini namba hizo hazikueleza kwa nini familia zilikataa timu za mazishi. Watu wa Msalaba Mwekundu waliposikiliza wakaaji, walielewa: watu walitaka kuhakikisha kwamba aliye ndani ya mfuko ni ndugu yao. Ikaletwa mifuko inayoruhusu uso kuonekana.

Hata biashara ni hivyo. Kampuni inayouliza watu kwa simu itawapata wenye simu na mtandao. Mama anayeuza mawese kijijini hatakuwemo, na bado itaandikwa kwamba hayo ni maoni ya Tshopo.

Lakini kusikiliza peke yake pia hakutoshi. Wazee watano waliokusanywa kwa chifu si Yahuma nzima. Wanawake, vijana na wakulima wa mbali nao wana lao.

Kwa hiyo, mashirika na serikali wanaotuma wachunguzi wafanye mambo matatu: wafike hata vijiji ambako pikipiki inapita kwa shida, waulize kwa lugha ambayo watu wanaielewa vizuri, na warudi kuwaonyesha wakaaji matokeo. Mtu aliyejibu maswali ana haki ya kujua majibu yake yamefanya kazi gani.