Ilani: Muziki Uwe Somo, Usiwe Pambo la Sherehe

Sisi walimu, wazazi na wanamuziki wa Tanzania tunaanzisha vuguvugu hili kwa sababu moja: shuleni kwetu muziki hukumbukwa anapokuja mgeni rasmi.

Ujio wake ukitangazwa, kwaya hutolewa darasani, ngoma hutolewa ofisini kwa mwalimu mkuu ilikofungiwa, na wimbo wa kumkaribisha hukaririwa mpaka sauti zikauke. Akiondoka, ngoma hurudi kufungiwa. Walioimba ni wale wale wenye sauti nzuri. Wengine waliambiwa wapige makofi. Huko si kufundisha muziki.

Mtaala wa 2023 umeweka somo la Sanaa na Michezo katika shule za msingi. Tunalipokea kwa mikono miwili. Lakini kipindi kilichomo kwenye ratiba, kisha kikaliwa na Hisabati mtihani unapokaribia, ni kipindi hewa.

Wala tusiambiwe wataalamu hawapo. Mwanamuziki Hukwe Zawose alikulia katika zeze na ilimba, ala za Wagogo, akaja kuwa mwalimu Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Na ala hizo zinafundisha: mtoto anayetengeneza zeze kwa kibuyu, ngozi na uzi hujisikilizia mwenyewe kwamba uzi ukikazwa, sauti hupanda. Hapo amejifunza muziki, na fizikia ameionja.

Kwa hiyo tunadai:

1. Kila mtoto, mwenye sauti na asiye nayo, apate kipindi cha muziki kila wiki, kisichoguswa hata msimu wa mitihani.

2. Vyuo vya ualimu vimwandae kila mwalimu wa shule ya msingi aweze kuongoza wimbo, kusoma noti na kupiga walau ala moja.

3. Halmashauri ziwalipe mafundi wa ngoma, zeze na marimba wa maeneo yao waingie darasani, wawe na vyeti au wasiwe navyo.

4. Ala zikae mikononi mwa watoto. Zikipasuka, zitengenezwe.

Nasi hatutaishia kudai. Kila mwanachama atachagua shule ya jirani, aombe ridhaa ya mwalimu mkuu na kamati ya shule, kisha ajitolee kufundisha saa moja kwa wiki. Kila mwisho wa muhula tutampelekea Afisa Elimu Kata taarifa: vipindi vingapi vimefundishwa, vingapi vimeliwa.

Kujiunga hakudai ada wala sauti nzuri. Anzia shuleni kwa mwanao, uulize: kipindi cha Sanaa na Michezo ni siku gani, na wiki iliyopita walifundishwa nini?