Mkanda Mpya na Mkanda wa Zamani

Huenda sandukuni mwa babu mna kamera ya mkanda, nanyi mwajiuliza kama yafaa bado. Kabla ya kutoa shilingi kuitengeneza, tazameni kwanza yatumia mkanda gani.

Mwaka 1934 Kodak walitoa mkanda wa milimita 35 uliofungwa tayari katika kikopo chake. Mwaka 1996 ukaja mwingine wa kuushinda, uitwao APS, kazi ya Kodak, Fujifilm, Canon, Nikon na Minolta. Kuupachika kulikuwa rahisi mno. Lakini negativu yake ilikuwa milimita 30 kwa 17, na ile ya zamani ni 36 kwa 24. Ukiikuza picha, ya zamani hutoka safi zaidi. Tena mwenye studio alitakiwa kununua vyombo vipya vya kuusafisha, hali wateja wengi walikuwa na kamera za zamani. Mara zikaingia kamera za dijitali, zisizotaka mkanda kabisa. Mwaka 2011 APS ikaacha kutengenezwa. Mkanda wa 35 watengenezwa hata leo.

Basi, kamera ya 35 itunzeni. Ya APS iwe kumbukumbu tu, maana mikanda iliyosalia imepitwa na muda wake.

Na negativu za harusi na ubatizo msizitupe. Masika yetu hapa Mkula yana unyevu mwingi: zifungeni vizuri, mahali pakavu, mbali na moshi. Mchwa wakila picha ya marehemu mama, ni humo tu atakamoonekana tena.