Mstari Mnyoofu Uanzie kwenye Nukta Mbili

Katika shule nyingi za sekondari, mwanafunzi huletewa mstari mnyoofu ukiwa umekwisha kuvikwa fomula: y = mx + c. Huambiwa kuwa m ni mwinamo, na c ni mahali mstari unapoukata mhimili wa y. Huikariri, hujibu maswali kumi, kisha huamini kuwa ameujua mstari. Kwa maoni yangu, hapo tunaanzia mwisho. Kabla ya mwinamo ziko nukta mbili.

Msomaji wa Pemba hana haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi. Mvuvi wa pwani ya magharibi, upande wa Wete au Mkoani, akitaka kuparudia mahali alipotega dema, hutazama nchi kavu na kuchagua vitu viwili visivyoondoka, mathalani mnazi mrefu ufukweni na mnara wa msikiti nyuma yake. Vinapofunikana, anajua kuwa yumo katika mstari upitao kwenye vitu hivyo viwili na kuendelea hadi baharini. Ila hajui yuko wapi katika mstari huo. Basi huchukua jozi nyingine ya alama, upande mwingine. Mistari inapokatana ndipo dema lilipo. Hakuandika chochote, lakini amefumbua milinganyo miwili kwa pamoja.

Nasi tuiandike. Tuchukue karatasi ya miraba, mhimili wa x ukielekea mashariki na wa y kaskazini, kila mraba ukiwa na upande wa kilomita moja. Majira ya mnazi yawe (6, 4), ya mnara (8, 5). Nukta yoyote (x, y) ya mstari huo hufuata uwiano uleule wa kupanda ulio baina ya mnazi na mnara. Tuuandike uwiano huo bila kugawanya:

(y − 4)(8 − 6) = (5 − 4)(x − 6)

yaani 2y = x + 2. Anayetaka kugawanya kwa 2 atapata y = x/2 + 1, na ile fomula ya darasani imezaliwa mbele ya macho yake.

Jozi ya pili ndiyo ifichuayo kasoro. Tuseme ncha ya kisiwa kidogo iko (2, 5), na rasi iliyo nyuma yake, kaskazini kabisa, iko (2, 9). Mwanafunzi wa y = mx + c atatafuta m kwanza, naye atakwama kwenye 4 kugawanya kwa 0. Ataandika sifuri, au 4, au ataacha nafasi tupu. Si mjinga, amepewa chombo kisichoweza kuubeba mstari uendao kaskazini moja kwa moja. Mlinganyo wa nukta mbili haukwami:

(y − 5)(2 − 2) = (9 − 5)(x − 2)

Upande wa kushoto ni sifuri, basi x = 2. Tukiweka 2 mahali pa x katika mlinganyo wa kwanza, y nayo ni 2. Dema liko (2, 2).

Wapo walimu watakaosema kuwa fomula fupi huokoa muda wa mtihani. Ni kweli, wala sishauri itupwe. Nashauri ije baada ya wiki moja ya nukta mbili, ili mwanafunzi ajue ilikotoka na inakoishia.

Wiki hiyo ina nafasi ya zoezi jingine. Mvuvi mzoefu hapendi mistari ikatanayo kwa pembe nyembamba. Kwa nini? Mwanafunzi apewe y = x/2 + 1 na y = 0.4x + 1.2. Mistari hii hukatana palepale, (2, 2). Sasa jicho likosee kidogo, 1.2 iwe 1.3. Makutano yanahamia (3, 2.5), zaidi ya kilomita moja kutoka kwenye dema. Kosa hilohilo la 0.1 akilifanya kwenye x = 2, ikawa x = 2.1, atalikosa dema kwa mita 112 tu.