Kesheni, sio mkose usingizi tu

Jamani wapendwa, leo nina dukuduku, na nisipolitoa hapa sitasoma kitu usiku huu. Hivi nani alitufundisha kwamba kukesha katika imani maana yake ni kukosa usingizi? Hapa kampasi mtu akihudhuria mikesha mitatu kwa mwezi anaitwa jemedari wa maombi, hata kama Biblia yake hajaifungua tangu semista ianze. Mhubiri mgeni akija akasema sadaka ya mbegu itafuta sapu, watu wanatoa bumu lote halafu wanashindia uji. Ukiuliza, eti una roho ya uasi, unamgusa mpakwa mafuta wa Bwana.

Wanaotuzuia kuuliza wanaupenda sana Wathesalonike wa Kwanza 5, mstari wa 20, ule wa kutodharau unabii. Sawa, upo, siubishii. Ila mbona mnafunga kitabu hapo hapo? Mstari wa 21 unataka tupime kila kitu. Na mstari wa 6 wa sura hiyohiyo, ndio wa kukesha wenyewe, unatutaka tukeshe tukiwa na kiasi, yaani akili zetu ziwepo. Watu wa Beroya walimsikiliza Paulo (Paulo, sio huyu mtumishi wa mabango!) na bado kila siku walirudi kwenye Maandiko kuhakikisha. Someni Matendo 17, wanasifiwa kwa hilo.

Msiniambie nakuza mambo. Februari 2020 pale Moshi watu 20 walikufa kwa kukanyagana, wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Mwaka 2023 kule Shakahola, Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, na watoto wamo, ya watu walioaminishwa kwamba wakifunga mpaka kufa watamwona Yesu. Wale hawakuwa wavivu wa maombi jamani. Njaa waliyoivumilia hakuna hata mmoja wetu anayeiweza. Ila hakuna aliyewaruhusu kuuliza.

Halafu huko kuvumilia kwenyewe tunakuhubiri lini? Kuna wenzetu walikuwa moto mwaka wa kwanza, wakatabiriwa GPA kubwa, matokeo yakatoka na sapu mbili, leo ukiwatajia kanisa wanakasirika. Mimi siwalaumu wao. Waliahidiwa kitu ambacho Mungu hakuahidi, kilipokosekana wakadhani ni Mungu kakosekana. Yakobo anaanza waraka wake na majaribu kama kitu kitakachotupata tu, hasemi kwamba yanafutwa kwa shilingi elfu kumi.

Ijumaa kuna mkesha tena. Nitakuja, tena mapema, msije mkasema nimerudi nyuma. Nitakuja na Biblia na daftari, na nitanyoosha mkono kuuliza mbegu za mwezi uliopita zilikwenda wapi. Viongozi tunajuana, andaeni jibu. Haya ngoja nirudi kwenye asainimenti, saa saba usiku hii.